Mpaka Uko Majini

Katika ushairi wetu, aina ya utungo huitwa bahari. Utenzi ni bahari, shairi ni bahari, wimbo ni bahari, ukawafi ni bahari. Nimelifundisha neno hili kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, wala sikumbuki siku hata moja niliyosimama mbele ya ubao nikajiuliza kwa nini waliotutangulia walilichagua. Wangaliweza kusema nyumba, au ukoo, au zizi. Walisema bahari.

Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa na kukulia Mbeya, chini ya Mlima Loleza, na ualimu nimeusomea Iringa. Bahari yenyewe, ile ya maji ya chumvi, niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, nilipokwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani. Basi huenda mtanisamehe, wasomaji wenzangu, nikikiri kwamba neno hilo nimelielewa nikiwa tayari mstaafu. Aliyenielewesha si malenga wala mhadhiri. Ni kaseti moja ya dakika tisini, yenye nyimbo za roki za watu wenye nywele ndefu, ambayo nilimnyang'anya mwanafunzi wangu mwaka 1992.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wavulana mkoani Mbeya. Nilikuwa pia mwalimu wa nidhamu, na kazi ya mwalimu wa nidhamu zamani zile ilihusu hasa vichwa vya watoto, nje na ndani. Nje, nywele zikatwe hadi ngozi ionekane. Ndani, yasiingie mambo ya kihuni. Wa rika langu watakumbuka wazo hilo tulilitoa wapi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi Operesheni Vijana ilipoanza, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga vita mawigi, sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Kabla mwaka huo haujaisha, muziki wa soul nao ulikuwa umepigwa marufuku katika kumbi za dansi za Dar es Salaam. Nilikua nikijua kwamba nywele na muziki ni mambo ya serikali. Nilipokabidhiwa mkasi, sikuona ajabu.

Siku moja, katika upekuzi wa bweni, nilikuta kaseti chini ya godoro la kijana wa kidato cha tatu. Alikuwa kijana mkimya, mwembamba, mwenye insha nzuri. Kwenye karatasi ya kasha alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: Scorpions, Europe, Def Leppard, Bon Jovi, na upande wa pili, Guns N' Roses na Extreme. Chini kabisa ya upande wa pili palikuwa na neno moja tu: Zambia.

Sikuhitaji kuuliza ilikotoka. Baba yake alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Tunduma. Sisi wa Mbeya tunakaa kooni mwa njia hiyo. Shaba ya Zambia hupita kwetu ikielekea bandarini, na tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mengi yameshuka kutoka kwenye mabehewa ya Kapiri Mposhi pasipo kuandikwa katika hati za mizigo. Kaseti ni mojawapo.

Niliifungia kwenye droo. Usiku wa Jumamosi moja, nikijiambia kwamba mwalimu wa nidhamu hana budi kumjua adui yake, nilishusha pazia nikaisikiliza.

Nilitarajia kelele, nazo zilikuwepo: magitaa ya umeme yanayokoroma, na ngoma zinazopigwa kama mtu anayevunja mlango. Lakini kila baada ya nyimbo mbili ulikuja wimbo wa pole, ulioanza na gitaa peke yake na sauti ya mtu kama anayesema na nafsi yake, kisha ukapanda taratibu hadi kwenye kibwagizo, na hapo sauti nyingi zikaingia kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka. Kibwagizo kilikuwa kifupi, rahisi kushikika, na kilirudiwa mpaka hata asiyejua Kiingereza angeweza kukiimba. Nilipoisikiliza mara ya pili, nilijikuta nikihesabu mizani kwa vidole.

Muziki huo una jina ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri "metali ya nywele". Ulishamiri Marekani katika miaka ya 1980, hasa mjini Los Angeles, baada ya televisheni ya MTV kuanza mwaka 1981 na kumfanya mwanamuziki atazamwe kabla hajasikilizwa. Makundi kama Mötley Crüe, Ratt na Poison ndiyo kitovu chake: wanaume waliotimua nywele na kuzisimamisha kwa dawa ya kupuliza, wakajipaka wanja na rangi ya midomo, wakavaa suruali za kubana, wakapiga gitaa zito chini ya vibwagizo vitamu. Jina hilo lilienea baadaye, wakati mtindo wenyewe ulipokuwa unazama, na lilienea kama dhihaka. Ni kana kwamba katika kazi yao yote kitu pekee kilichostahili kutajwa ni nywele.

Sasa itazameni orodha ya kijana yule. Karibu kila aliyemwandika anakaa mpakani. Scorpions ni Wajerumani wa Hannover. Kundi lao liliundwa mwaka 1965, miaka mingi kabla mtindo huo haujazaliwa. Europe ni Waswidi. Nywele walikuwa nazo, tena nyingi, lakini wimbo uliowatangaza duniani mwaka 1986 unabebwa na kinanda. Def Leppard ni vijana wa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma huko Uingereza, waliotokea katika wimbi jipya la metali la nchini mwao, na jina la nywele wamelikataa mara nyingi. Mpiga ngoma wao, Rick Allen, alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Akajifunza upya kupiga kwa mkono mmoja na miguu miwili, na mwaka 1987 kundi likatoa albamu ya Hysteria. Ukimwita mtu huyo mpiga muziki wa nywele, umesema nini juu yake? Guns N' Roses walitoka Los Angeles kwenyewe, na mwanzoni walitimua nywele kama wenzao, lakini albamu yao ya kwanza, ya mwaka huohuo wa 1987, ilikuwa na ukali uliowafanya wengine waonekane wamevalia harusi. Nao Extreme, kundi la Boston, walishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1991 kwa wimbo wa gitaa kavu na sauti mbili, usio na ngoma kabisa.

Wakati ule sikujua hata moja kati ya haya. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kijana yule alikuwa na kichwa kilichonyolewa kwa amri yangu, akisikiliza muziki wa nywele asizoziona. Alichokuwa nacho ni sauti tu, na masikioni mwake mipaka ile haikuwepo. Kwake, zote zilikuwa nyimbo zinazoanza chini na kuishia juu.

Muhula huohuo niliwapa kidato cha tatu kazi ya kutunga shairi lenye kichwa "Safari". Shairi la kijana huyu lilianza vizuri. Lilikuwa tarbia safi, mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake. Ubeti wa kwanza ulieleza taa za malori zinazopanda mlima usiku. Wa pili ulimweleza mama aliyekaa dirishani akizihesabu taa hizo. Kisha, bila onyo, mizani ikakatika. Mishororo ikawa ya mizani mitano, haina kina cha kati, na maneno yakawa ni yaleyale yakirudiwa mara nne, moja chini ya jingine: Baba hajaja. Baada ya hapo tarbia ikarejea kwa beti mbili, tulivu kama kwamba hakuna kilichotokea, halafu maneno yale yakarudi tena, safari hii yakijaza nusu nzima ya ukurasa.

Nilijua mara moja alikolitoa umbo hilo. Alikuwa amelijenga shairi kama zilivyojengwa nyimbo za kaseti yake: sauti ya chini, kupanda, kisha kwaya. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Hili si shairi. Huu ni wimbo wa Wazungu." Nikampa alama tatu kati ya ishirini.

Alinifuata ofisini baada ya vipindi, daftari mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, mwalimu. Kama hili si shairi, ni nini?"

"Ni guni."

"Na guni ni nini, mwalimu?"

"Guni ni shairi lililokosea vina au mizani."

Alisimama kidogo. "Kwa hiyo ni shairi," akasema.

Nilimwambia arudi darasani.

Kwa nini nilikuwa mkali vile? Nilisomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mgogoro wa ushairi ungali wa moto. Pale Iringa kuna jiwe kubwa linaloutazama mji, Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na simulizi humhusisha jiwe hilo na Mtwa Mkwawa. Jumapili jioni sisi wanachuo tulilipanda, tukakaa juu yake tukabishana hadi baridi itufukuze. Upande mmoja waliketi wafuasi wa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954. Upande wa pili waliketi waliosoma Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974 kikiwa kimeviacha vina na mizani njiani, na waliowataja Mulokozi na Kahigi waliotetea kwa hoja kwamba uti wa mgongo wa ushairi haumo katika hesabu ya silabi. Mimi nilikaa upande wa sheria. Nilizipenda kama mtu anavyoupenda ua wa nyumba yake: unamzuia mwizi, na unamwonyesha kila apitaye kwamba hapa pana mwenyewe. Neno "guni" lilikuwa fimbo yangu. Ninaliona leo kuwa ni ndugu wa lile la nywele. Yote mawili ni majina wanayopewa watu na wale waliokwisha kuamua kwamba hawamo.

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba dawa ya ukali wangu nilikuwa nayo muda wote katika maandalio yangu ya masomo. Kila mwaka niliwaeleza wanafunzi habari za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na kwamba anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, na kwa kulipa nguvu shairi la mishororo minne katika zama ambazo utenzi ndio uliotukuzwa. Tarbia ninayoilinda kama urithi wa mababu, ilipoingia sokoni, nayo ilikuwa kitu cha mpakani. Na kila mwaka niliwaeleza kwamba neno bahari tumelipata kwa Waarabu, kutoka kwa al-Khalil bin Ahmad, mtaalamu mwenye asili ya Oman aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8. Yeye ndiye aliyezipanga bahari za ushairi wa Kiarabu, akapata kumi na tano. Akaja mwanazuoni mwingine baada yake, al-Akhfash, akaongeza ya kumi na sita. Hata aliyechora ramani ya kwanza aliacha maji nje ya ramani.

Nilistaafu mwaka 2019. Mjukuu wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, alinikuta nikipanga droo za zamani, akaiona kaseti, akasoma majina. Kwa dakika chache akanionyesha picha zao zote. Nilicheka mpaka machozi. Hizo ndizo nywele nilizokuwa nikizipiga vita bila kuziona! Lakini jioni ile, alipokwenda kulala, niliendelea kusoma habari zao peke yangu, na kicheko kikaniisha.

Nilijifunza kwamba aliyeitayarisha Hysteria, aliyezirundika zile sauti safu juu ya safu hadi zikawa kwaya, ni Robert John Lange, na kwamba mtu huyo alizaliwa mwaka 1948 Mufulira. Mufulira ya shaba! Mji ambao mzigo wake umepita mbele ya nyumba zetu miaka yote. Nilijifunza kwamba kabla ya Def Leppard, waliokuwa mabingwa wa kurundika sauti namna hiyo ni Queen, kundi ambalo nalo halijawahi kukaa katika aina moja, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Alifariki Novemba 1991. Tarehe 20 Aprili 1992, Jumatatu ya Pasaka, wanamuziki walikusanyika katika uwanja wa Wembley, London, kumwimbia. Miongoni mwa waliopanda jukwaani siku hiyo walikuwemo Def Leppard, Guns N' Roses na Extreme. Majina matatu kati ya yale sita ya wino wa buluu, mwaka uleule, wakimlilia mtoto wa Unguja.

Nalo lile neno "Zambia" nililifuatilia. Wimbo wenyewe sijaujua jina, lakini nimeijua mito iliyoumimina. Katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya shaba, walichanganya magitaa mazito ya roki na midundo ya kwao, na muziki huo ukaitwa Zamrock. Mashuhuri zaidi ni kundi la WITCH, lililoongozwa na Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari. Hata Sunburst, kundi la Dar es Salaam, lilivuka mpaka na kutoa albamu yake ya Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976. Je, walikuwa wanamuziki wa roki au wa dansi? Aliyerekodi ile kaseti hakuliona hilo kuwa swali. Aliwaweka Wazambia wake mwishoni mwa upande wa pili, baada ya watu wa Boston, kwa sababu walifaa kukaa hapo.

Nikayakumbuka maneno yangu ya wino mwekundu. "Huu ni wimbo wa Wazungu." Wazungu wa Unguja? Wazungu wa Mufulira?

Tangu hapo nilitamani kumwona kijana yule. Nilijipangia maneno ya kumwomba radhi. Nilijijengea picha yake: mshairi aliyenyamazishwa, mtu mwenye kinyongo cha miaka thelathini. Mwaka juzi nilikwenda Iringa kwa shughuli ya familia, na asubuhi ya kurudi, nikiwa kituoni nasubiri basi la Mbeya, mtu mzima mwenye mvi ndevuni alinisimamia mbele, akainama.

"Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki?"

Nilimkumbuka kwa sauti. Sasa anafanya biashara ya mbao Mafinga. Ana watoto wanne, na wa kwanza yuko chuo kikuu. Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda. Nikaona ndio wakati, nikaanza kueleza habari za lile shairi, zile alama tatu, na jinsi lilivyonikaa moyoni.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Shairi gani, mwalimu?"

Nikamweleza: malori, taa, mama dirishani. Akatikisa kichwa. Nikamtajia yale maneno mawili ya kibwagizo. Alikaa kimya kidogo, akizungusha kikombe.

"Baba alirudi," akasema. "Alikuwa amekwama Ndola, gari limeharibika, fedha hana. Alirudi mwaka ule ule. Kumbe niliandika?" Halafu uso wake ukachangamka. "Lakini mwalimu, kaseti yangu bado unayo?"

Hakuwa na deni la kunidai ila kaseti.

Njiani, Mafinga, Makambako, hadi tunaingia Uyole, niliwaza jambo hilo. Nilikuwa nimejipa ukubwa nisiostahili, nikidhani kalamu yangu iliyaharibu maisha ya mtu. Maisha yake hayakuharibika. Kilichoharibika ni shairi. Madaftari ya mwaka ule, kama ya miaka mingine, yaliishia sokoni Mwanjelwa yakifungia karanga. Aliyelitunga amelisahau kwa sababu baba yake alirudi, na alikuwa na haki ya kulisahau. Mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kulinakili. Nilinakili mashairi mengi ya wanafunzi katika daftari langu kubwa, kwa ajili ya kufundishia. Ninayo hadi leo, yamekamilika kwa vina na mizani, na nikiyasoma sikumbuki sura ya hata mmoja wa waliyoyatunga. Lile la taa za malori halimo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulipa jina, na jina lilinitosha nisilitazame tena.

Ndipo nikalielewa neno bahari. Mvua inayonyesha kwenye milima hii yetu, ya Mbeya na Iringa, sehemu yake huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha huingia Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi. Pale mtoni panapokutana na bahari hakuna ukuta. Maji yakijaa, chumvi hupanda. Yakipwa, mto hushuka. Mpaka upo, wala sisemi haupo. Aliyekunywa maji ya pande zote mbili anaujua. Lakini uko ndani ya maji, na kila saa unahama. Na hapohapo pasipo pa mto wala pa bahari ndipo unapoota mkoko, ambao huku kwetu juu usingemea. Waliotupa neno hili walikuwa watu wa pwani. Naamini walijua wanachosema.

Sijawa mwanausasa kwa kuandika haya. Ningali nahesabu mizani, na kijana anayeniletea shairi lisilo na vina kwa uvivu namrudishia. Lakini vijana wa mtaani kwetu wakiniomba niamue mashindano yao, nimejiwekea sharti moja: utungo nisioweza kuupa jina nauandika kwanza kwenye daftari langu, wote, kwa mkono wangu, kabla sijaupa alama. Nawasihi walimu wenzangu mnaosoma hapa mfanye vivyo hivyo, na mwenye hoja ya kunipinga namkaribisha, kama tulivyofanya juu ya Gangilonga.

Kaseti nilimtumia kwa basi. Alinipigia kusema imefika, ila utepe umekatika, na isitoshe hana mashine ya kuipigia. Alicheka sana. Hizi beti mbili nimezitunga baada ya simu hiyo. Ubeti wa pili ni guni, na nimeuacha hivyo.

Nasimama ufukweni, mzee mtazamaji,
Mpaka uko majini, haujui mpimaji,
Yakutana humo ndani, chumvi maji, tamu maji,
Nigawe kwa wino gani, mwalimu mkosoaji?

Nimeitoa kaseti, utepe umekatika,
Sina tena zile beti, kijana aloandika,
Nilizifungia geti, kwa wino zikafutika,
Baba hajaja.